Mlizamu wa Shaame

Mvua ni ya Mungu, mlizamu ni wa mtu. Ndiyo, nimemwambia Nuru maneno hayo, na akitaka nitayarudia. Maharage yameungua, nyumba nzima inanuka moshi, naye ananitazama usoni na kuniambia, "Bibi, Mungu hakujaalia." Hakujaalia nini? Maharage alijaalia, nazi alijaalia, kuni kavu masika haya alijaalia. Aliyekwenda kukaa kizingitini kucheka na simu, akaacha chungu hakina mtu, alikuwa Mungu? Haya, basi, acheni kumcheka mwenzenu. Endeleeni kuchagua huo mchele. Kesho watu wanakuja kula hapa, na jiwe likimvunja mgeni jino nitaulizwa mie.

Mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Wengi wanautumia na hawajui, wanadhani umeshushwa na wahenga. Wahenga gani! Umetoka mtaani kwetu, kule Pemba, na waliouzaa nimekula nao sahani moja. Mlizamu mnaujua? Ni ule mdomo wa bati au wa bomba unaotoa maji ya paa na kuyamwaga chini. Basi tulieni, niwape chanzo chake.

Miaka hiyo nilikuwa nimeolewa karibuni. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Shaame wa Faki na mkewe, Mize, rafiki yangu. Shaame alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, mtu mcheshi, mkarimu, asiyeweza kupita kwa mtu bila kumwuliza watoto hawajambo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa akiipenda nyumba yake kupita kiasi. Nyumba yenyewe ndogo, vyumba viwili na ukumbi. Ukipiga chafya chumbani, aliye barazani anakuombea rehema. Lakini ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa nyeupe, na juu ina paa la bati la pande nne. Na mbele kulikuwa na baraza, ndiyo roho ya Shaame. Kila alasiri wanaume walikusanyika pale kwa kahawa na porojo, naye hukaa katikati yao na kofia yake iliyotiwa wanga, akifurahi.

Adui wa nyumba hiyo alikuwa matone. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa pande zote, yakipiga udongo, na udongo ule mwekundu ukirukia ukuta. Kila masika yakiisha nyumba ilikuwa kama mtu aliyevuka tope na kanzu. Shaame alipaka chokaa, mvua ikachafua. Akapaka tena, ikachafua tena. Mwisho akasema, "Mwaka huu natia mifereji. Nimechoka kufua ukuta."

Mize alifurahi, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Kisima chetu kilikuwa bondeni, na kilima cha kurudia kilikuwa kinatutoa pumzi. Alikuwa akitamani maji ya paa yaingie katika pipa mlangoni pake, afue na kupika bila kubeba ndoo kichwani. Alimwambia mumewe, naye akaitikia, "Inshallah." Mnazijua inshallah za wanaume.

Basi Shaame akaanza kuchagua mifereji. Ewe, tulichoka! Kwanza alifikiria mpopoo. Wazee wetu walikuwa wakipasua shina la mpopoo katikati, wakalikomba moyo, wakalifunga chini ya ukingo wa paa, na maji yanapita vizuri. Akaukataa, akasema unaoza na unaota uyoga. Akaenda mjini Chake kutazama ile ya plastiki. Akaikataa, akasema jua litaipinda. Akarudi kwenye bati, na hapo sasa bati nyembamba au nzito, mkunjo wa duara au wa pembe, ipakwe rangi au iachwe ing'ae. Mtu hachagui mchumba namna ile. Mwisho akachukua bati nzito ya mkunjo wa duara, akaipaka rangi ya kijani, akaianika uani, na sote tukaitwa kuitazama. Kwa kweli ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Lakini katika kuchagua kote huko, kuna jambo moja hakulifikiria hata kidogo. Alifikiria maji yatapita katika nini. Hakufikiria yakishapita yatakwenda kwa nani.

Aliyemkumbusha ni fundi, siku ya kazi yenyewe. Mfereji haulazwi sawasawa, lazima uiname kidogo upande mmoja, la sivyo maji yanalala humo na kuzaa mbu. Kwa hiyo kabla ya kugonga msumari wa kwanza, fundi alisimama juu ya ngazi na uzi wake mkononi, akauliza, "Bwana Shaame, niuinamishe wapi? Paa lote hili litatokea pembe moja. Niambie pembe gani."

"Mbele," akasema Mize kutoka mlangoni. "Hapa pembeni mwa baraza. Pipa nitalitia mwenyewe."

Shaame akashtuka. "Pipa mbele ya baraza yangu? Watu watakuja kutawadha, wadhani pamefunguliwa msikiti! Na mvua kubwa ikija, tutakaa wapi na vikombe vyetu? La, mke wangu. Peleka nyuma, fundi."

"Nyuma pana ukuta wa Bi Kazija," akasema fundi.

"Nyuma pana uchochoro. Wewe peleka. Maji yana akili zake, yatajua njia."

Fundi naye alikuwa na harufu ya chakula cha mchana puani, hakubishana. Mize aliingia ndani akabamiza chungu. Mpaka adhuhuri mifereji ilikuwa imelizunguka paa zima, na pembe ya nyuma ukatokeza mlizamu, mnene kama mkono wa mtu, umeelekea uchochoroni.

Sasa nikwambieni habari za huko nyuma. Bi Kazija alikuwa mjane, msuka mikeka, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Nyumba yake ilikuwa ya kiambaza, fito zilizokandikwa udongo, na kuezekwa makuti. Udongo tu, lakini ulikuwa umekandikwa na kusawazishwa mpaka ukipitisha kiganja hukwami. Alikuwa na mtoto mmoja duniani, Raya, aliyeolewa mbali kidogo, Micheweni. Na mwaka ule Raya alikuwa na mimba ya kwanza.

Mnajua ada yetu. Mimba ya kwanza, mtoto anarudi kwa mama. Anazalia pale, anakandwa kwa maji ya moto pale, anakaa arobaini yake pale, ndipo arudishwe kwa mumewe. Mama asiyeweza kumpokea mwanawe siku hiyo hujiona hana alichozaa. Bi Kazija alikuwa akijiandaa tangu alipopata habari. Alikuwa na chumba kimoja kizuri, kile kilichopakana na uchochoro. Alikikandika upya, akasuka mkeka wa rangi, akakaza kamba za kitanda, akarundika kuni za kuchemshia maji mpaka zikagusa dari. Ukimsalimia njiani, yeye asiyesema, alikuwa anakuonyesha ukili wa mkeka alioushika na kukwambia, "Wa Raya huu." Hakuwa na jambo jingine moyoni. Chumba kile ndicho kilichokuwa furaha yake yote.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha alasiri, na baraza ya Shaame ilijaa watu waliokuja kusikiliza mifereji. Walisikiliza kweli! Maji yalikuwa yananguruma juu ya vichwa vyao, na chini ya paa halikudondoka hata tone. Ukuta mweupe pe. "Shaame, umetuacha mbali," wakamwambia. "Mtu anakunywa kahawa katikati ya mvua kama yuko Ulaya." Naye anacheka, kofia kavu, roho kunjufu. Mize alikwenda kisimani kesho yake na ndoo kichwani kama kawaida.

Yale matone yaliyokuwa yakianguka pande nne, kila moja mahali pake, sasa yote yalikuwa yanatoka kwenye mdomo mmoja. Yalipokuwa yametawanyika, yalikuwa yanachafua chokaa tu, basi. Yalipokusanywa, yalikuwa mto. Na mto ule ulikuwa unaruka uchochoro na kupiga mguu wa kiambaza cha Bi Kazija.

Mtauliza kwa nini hakusema. Hapo ndipo mtu wa kwenu angesema na wa kwetu asiseme. Kwetu mvua haisemwi vibaya. Ukinyeshewa mpaka mifupa unaitikia, "Rehema." Mtoto akitamka "mvua mbaya" anapigwa kofi la mdomo. Tumelelewa hivyo, maana ni mvua iliyotulisha. Na Bi Kazija aliishika ada hiyo kwa kucha. Maji yalikuwa yametoka mbinguni, yeye angeanzaje kuyalalamikia? Akatafuta mawe, akayapanga chini ya ukuta. Maji yakayasukuma. Akaleta makumbi ya nazi, akayashindilia. Yakachukuliwa. Kila mvua ikikatika alitoka na karai la udongo, akakandika pale palipolika, na mvua ikirudi inakula tena.

Mize alimkuta siku moja, amepiga magoti kwenye tope. "Shikamoo, Bi Kazija. Kumetokea nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mvua tu. Rehema."

Mize akamwambia mumewe wakati wa kula. "Baba, ukuta wa Bi Kazija unalika. Nenda ukatazame."

"Nyumba za udongo masika ndivyo zilivyo," akasema Shaame. "Nipe mchuzi."

Na hakwenda. Nawaambieni, Shaame hakuwa mtu mbaya. Angemwona Bi Kazija amebeba mzigo njiani, angempokea. Lakini hakuwa na haja ya kwenda nyuma ya nyumba yake. Mambo yake yote mazuri yalikuwa mbele. Na sisi je? Sisi tulikuwa tunasifu mifereji.

Ukuta ulianguka asubuhi, tunatwanga. Nilisikia mshindo kama gunia limetupwa, kisha sauti ya Bi Kazija, moja tu: "Yallah!" Tukatupa michi, tukakimbia. Lo! Chumba cha Raya kilikuwa wazi, unaona ndani mpaka mlango wa pili. Kitanda kimezikwa nusu, mkeka mpya uko chini ya matope, kuni zimeporomoka ndani ya maji. Bi Kazija mwenyewe hakuumia, alikuwa jikoni. Alikuwa amesimama katikati ya kifusi na ncha ya mkeka mkononi, akiivuta, na mkeka hautoki. Nililia.

Wa kwanza kuingia kwenye kifusi alikuwa Shaame. Alikunja suruali, akachimbua kitanda kwa mikono yake, akakitoa, akachimbua na mkeka. Watu wakajaa, kila mmoja anampa pole mwenye nyumba. Shaame akajifuta uso, akamwambia kwa huruma ya kweli, maana alikuwa na machozi:

"Pole sana, Bi Kazija. Ndiyo kadari ya Mungu. Mvua ya mwaka huu imezidi."

"Kadari," watu wakaitikia. "Mungu ndiye mpaji, ndiye mwondoaji."

Bi Kazija alikuwa anakung'uta mkeka. Akaacha.

"Mvua ya Mungu siisemi vibaya mpaka nife," akasema. "Mvua ni ya Mungu, Shaame, nakubali. Na mlizamu je? Mlizamu ni wa nani?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama anayeuliza ndoo hii ni ya nani. Sote tukageuza shingo, tukatazama juu. Mlizamu ulikuwa pale, kijani kizuri, unadondosha tone, na tone.

Shaame alitoka kwenye kifusi. Akaokota kofia yake, akaondoka.

Nyumbani akamwakia Mize. Mize alinisimulia mwenyewe. "Amenivunjia heshima mbele ya watu! Nimemchimbulia kitanda, nimejitia matope mpaka shingoni, halafu ananiuliza mlizamu wa nani! Mimi ndiye niliyenyesha?"

Mize akamjibu, "Mie si kadhi. Mvua inarudi hiyo. Ikija, nenda ukasimame nyuma ya nyumba yako, kisha uje unikasirikie."

Alikaa amenuna. Mvua ikaja jioni hiyo hiyo. Alivumilia kidogo, kisha akainuka, akazunguka nyumba, akaingia uchochoroni. Na mlizamu ukampata kifuani, ukamrudisha nyuma mpaka akashika fito zilizobaki. Alisimama hapo, maji yanampiga, akatazama nyumba ya Bi Kazija kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Ukuta wa upande wa kulia ulikuwa mzima, mkavu chini ya makuti yake. Wa kushoto mzima. Wa mbele mzima. Mvua ilikuwa imeinyeshea nyumba yote, na ukuta ulikuwa umeanguka mahali pamoja.

Aliporudi ndani alikuwa anachuruzika maji. Mize alimpa nguo kavu.

Angeweza kuishia hapo, mnajua. Angetengeneza mlizamu kimyakimya, akamsaidia jirani kukandika jua likitoka, na watu wangesema Shaame mwema. Lakini udongo haukauki masika, na Raya hakuwa wa kungoja kiangazi. Kesho yake mchana gari ikasimama njiani. Wakwe wamemleta.

Hakukuwa na simu za kumwambia mtu asije. Alishuka Raya, tumbo limemtangulia, anatabasamu. Akashuka mama mkwe wake, Bi Saada, mwanamke mkubwa wa mwili na wa heshima, na shangazi wa mume nyuma yake, mwenye macho ya kupekua. Walikuta tumekaa na Bi Kazija, na ule upande ulioanguka tumeuziba kwa makuti mabichi, upepo ukija yanajifungua yenyewe.

Raya aliacha kutabasamu. Bi Saada aliketi, akapewa maji, akatoa salamu zote mpaka zikaisha. Yule shangazi hakungoja. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kutaka isikike: "Mimba si ya jana. Mtu hata ukuta wa chumba cha mzazi hakuuangalia?"

Bi Kazija akainamisha kichwa. Angeweza kunyoosha kidole kwenye mlizamu, na kila mtu angeona. Lakini jirani hasemwi mbele ya mgeni, na mvua haisemwi kabisa. Nami nilitamani ardhi ipasuke.

"Mkwe mwenzangu, tusilaumiane," akasema Bi Saada. "Ni mapenzi ya Mungu. Umezidiwa. Wewe pumzika, Raya tutarudi naye, azalie kwetu. Tutamtunza."

"Mama!" Raya akaanza kulia. "Mama, sema kitu!"

Wanaume walikuwa wamesimama nje kwenye matone, kama desturi wageni wanapokuja. Shaame alikuwa miongoni mwao, na alisikia yote, maana nyumba yenyewe haikuwa na ukuta. Akabisha hodi. Akavua viatu, akaja mpaka karibu na Bi Saada, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Shaame, jirani. Mvua ni ya Mungu. Mlizamu ni wangu."

Bi Saada hakuelewa. "Mlizamu gani, baba?"

"Ule." Akamwonyesha kupitia makuti. "Nimekusanya maji ya paa zima, nikayaelekeza hapa, kwa sababu sikutaka yaniloweshe baraza. Mke wangu aliniambia, fundi aliniambia, nikasema maji yatajua njia. Mama huyu alijiandaa. Chumba hiki kilikuwa kizuri kuliko changu, waulize hawa. Alikuwa akikikandika kila mvua ikikatika, peke yake, na mimi nimekaa mbele nakunywa kahawa. Jana nilimwambia ni kadari ya Mungu. Akaniuliza swali mbele za watu, nikashindwa kulijibu. Najibu sasa. Ukuta huu hakuuangusha Mungu. Nimeuangusha mimi."

Nyie! Hata shangazi alitafuta pa kuweka macho. Mtu mzima, mwenye jina mtaani, amechuchumaa mbele ya wanawake na kujitoa namna ile. Nilimwonea aibu, na nilimpenda.

Bi Saada aliweka kikombe cha maji chini. "Umesema kweli, baba, na kweli ina uzito," akasema. "Lakini ukuta haukusimama. Mwanamke anazalia kwenye nyumba ya mama yake. Nyumba iko wapi?"

Shaame akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye mkeka mbele ya Bi Kazija. "Ile pale. Kuanzia leo ni ya Bi Kazija mpaka Raya atoke arobaini. Si kwamba mnakaribishwa kwangu, la. Mwenye nyumba ni yeye. Anayetaka kuingia atampigia hodi yeye, na mimi nikiwemo. Mie na Mize tunahamia hapa."

"Hapa kwenye makuti?" akauliza shangazi.

"Hapa," akasema Mize. Alikuwa tayari ana mto wake kwapani.

Wote tukamtazama Bi Kazija. Aliutazama ule ufunguo, hakuugusa.

"Kwanza geuza mlizamu wako," akasema.

Basi Shaame, mkaribisha wageni, akawa anapanda ngazi. Fundi aliitwa, wanaume wa barazani wakavua kanzu zao, wakaanza kubandua mifereji mizuri ile iliyochaguliwa kwa tabu, ili iinamishwe upya, upande wa mbele. Bi Saada alikaa akinywa kahawa na kuwatazama kama yuko maulidini. Jioni mlizamu ulikuwa umetokeza pembeni mwa baraza, na chini yake limesimama pipa, kubwa, la bluu, limeharibu sura yote ya nyumba. Hapo Bi Kazija akauchukua ufunguo, akamshika mwanawe mkono, akavuka naye uchochoro.

Raya alizaa salama ndani ya nyumba ya mama yake. Ndivyo ilivyosemwa, na asingetokea mtu wa kusema vingine. Baraza ya Shaame haikukaliwa na wanaume tena masika yale, ilikuwa ya wanawake wanaokuja kutazama mtoto, na ya nepi zilizoanikwa. Shaame mwenyewe alilala nyuma ya makuti mpaka mvua zilipokwisha, na kila mvua ilipoingia usiku Mize alikuwa akimsikia anainuka kuyafunga makuti. Bi Saada aliporudi kwao aliyabeba yale maneno. Nasikia wa kwanza kuyapata alikuwa mwanawe mwenyewe, baba wa mtoto, aliyechelewa kuleta kuni akasema Mungu hakupenda. Kutoka hapo yakasambaa yenyewe.

Jua lilipotoka, mtaa mzima tukaja kukandika chumba upya. Shaame alikanyaga udongo tangu asubuhi. Tulipokaa kula alikwenda mpaka kwa Bi Kazija, akanyoosha mikono yake yenye matope, akamwambia, "Bi Kazija, sijakuomba radhi. Nisamehe."

Bi Kazija alikuwa amempakata mjukuu. "Nilikusamehe pale pale uliposema 'mlizamu ni wangu'," akasema. "Ungesema tena kadari, ningekusamehe vilevile, maana tumeamrishwa. Lakini nisingekaa tena kwa amani na mgongo wangu umeelekea nyumba yako."

Akampa mtoto amshike, na matope yake yote.

Haya, mmesikia. Mungu ananyesha, na anachonyesha ni rehema, hakijawahi kuwa kingine. Sisi ndio tunaokikusanya, tukakipa mdomo, tukauelekeza huo mdomo kwa mtu, kisha tukasimama kwenye kifusi chake na kumpa pole. Mvua ni ya Mungu, mlizamu ni wa mtu.